Joto la Kompyuta ya Mama Wafula

Kabla hujaendelea kusoma, weka mgongo wa mkono wako ubavuni mwa kompyuta iliyo karibu nawe. Mgongo, si kiganja. Kiganja cha fundi kimeungua mara nyingi hata hakisikii kitu, lakini mgongo wa mkono bado una adabu. Ukisikia vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, endelea na shughuli zako. Ukiuondoa mkono kwa haraka, acha kusoma na uzime mashine.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi niliowaachia karakana ya Kitale mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilinijia kwa kuchelewa na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za joto, kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko virusi, panya na mameneja, na kwa sababu kuna jambo moja ambalo sikuwahi kuwasimulia kwenye meza ya chai. Nililikwepa kila mara. Sasa nimekaa nyumbani, hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo sina kisingizio.

Nilianza kama fundi wa taipureta. Aliyenifundisha ni Mzee Swaleh, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti hapo mjini Kitale. Alitengeneza taipureta na cherehani, na akibembelezwa sana, redio. Hakuwa mtu wa kusifu. Mwaka mzima wa kwanza neno aliloniambia zaidi lilikuwa "tena", maana yake nifungue tena mashine niliyodhani nimemaliza. Nilimchukia hadi siku nilipogundua kwamba mashine nilizofungua "tena" hazikuwa zinarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kompyuta ziliingia, na chama cha ushirika cha wakulima kikanichukua kuwa fundi wa matawi yake yote. Sababu kubwa ni kwamba nilikuwa na bisibisi zangu mwenyewe. Mzee Swaleh hakufurahi. "Taipureta ikiharibika unaiona imeharibika," aliniambia. "Hiyo yenu inakufa na sura nzuri." Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua kompyuta nikidhani nitakuta mikono ya herufi. Nilikuta vumbi na kipande cha kitu kidogo kama biskuti. Hicho ndicho prosesa, nikaambiwa, na hicho ndicho kinachofikiri.

Kinachofikiri hupata joto. Hilo tu ukilielewa umeelewa nusu ya kazi hii. Juu ya prosesa hukaa bamba la aluminiamu lenye meno kama kitana, na juu ya bamba hukaa feni. Joto hupanda kutoka prosesa kwenda kwenye bamba, feni inalipeperusha, maisha yanaendelea. Kati ya prosesa na bamba lazima kuwe na dawa ya kijivu, laini kama siagi, inayoziba nafasi ndogo ndogo ili joto lipite. Nimewahi kukuta fundi mmoja wa mtaani ametumia dawa ya meno badala yake. Kompyuta ilinukia vizuri kwa siku nne.

Kupima joto siku hizo kulikuwa kazi ya subira. Unawasha mashine, unabonyeza kitufe cha kufutia mfululizo kabla haijaamka sawasawa, unafika kwenye ukurasa wa buluu, na humo ndani kuna mstari mmoja unaokuambia digrii za prosesa. Mimi nilinunua daftari la shule, nikachora safu nne: tawi, saa, hali ya hewa, digrii. Kila tawi nililotembelea niliandika. Kitale asubuhi, baridi, arobaini na moja. Moi's Bridge, ambako vumbi la mahindi huingia hata ndani ya soksi, hamsini na sita. Endebess ilinishinda kwa muda, kwa sababu joto lilikuwa juu asubuhi za baridi na kushuka mchana, hadi mlinzi akakiri kwamba kompyuta huachwa ikiwaka usiku na paka wake hulala juu ya kasha, akiziba matundu kwa tumbo. Nililipenda daftari lile. Nilitembea nalo kwapani kama mchungaji na kitabu chake, na niliamini kwamba jambo lisiloingia kwenye safu zangu nne halikuwa jambo.

Sasa niwaambie la Bungoma.

Karani wa tawi la Bungoma alikuwa Mama Wafula. Alikuwa amepiga taipureta miaka kumi na minane kabla ya kuletewa kompyuta, na aliipokea jinsi mtu anavyompokea mgeni asiyejua lugha yake, kwa heshima na kwa sauti ya juu kidogo. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mcheshi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alifuma vitambaa. Ofisi ile nzima ilikuwa imevaa: simu, redio, chupa ya chai, kiti cha meneja. Kompyuta nayo ilipata chake, cheupe chenye ukingo wa manjano, kikubwa cha kutosha kuifunika yote.

Feni yake ilianza kukoroma kwa vumbi, nikatumwa na feni mpya pamoja na bamba lake. Kazi ya nusu saa. Nilifunga, ikazunguka vizuri, nikasoma digrii, nikaandika, nikanywa chai yake, nikaondoka. Baada ya wiki mbili meneja wa tawi alipiga simu Kitale. Kompyuta inajizima yenyewe katikati ya kazi.

Mnajua maana ya jambo hilo majira yale. Mama Wafula alikuwa anaingiza orodha ya wanachama watakaopewa mbolea, na orodha ilitakiwa ifike Kitale kabla ya mvua. Asiyekuwa kwenye orodha hapati mfuko. Kila alipofika ukurasa wa tatu au wa nne, kioo kinakuwa cheusi na kazi inapotea. Wakulima walikuwa wakisimama dirishani wakimfokea. Na meneja, mtu mpya aliyetaka tawi lake lionekane la kisasa, alikuwa tayari na maelezo yake.

"Huyu mama hataki kompyuta," aliniambia nilipofika, mlango ukiwa wazi na Mama Wafula akisikia. "Anataka turudi kwa taipureta. Mimi nataka kitu kwa maandishi, Fundi. Kama ni mashine, andika ni mashine. Kama ni yeye, andika."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mashine ilikuwa haijawashwa. Niliiwasha, nikafika kwenye ukurasa wa buluu, nikasoma: hamsini na moja. Joto la kawaida kabisa. Nikageuka nikaona kile kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya kiti.

"Mama, hii unafunika nayo mashine?"

"Jioni, Fundi. Nikifunga ofisi. Asubuhi naitoa, naikunja, naweka hapo kwa kiti."

"Mchana je? Vumbi likizidi?"

"Si nimekwambia ni jioni? Mimi si mtoto." Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Lakini Fundi, hii maneno ilianza ile siku uliweka feni mpya. Mbele ya hiyo haikuwa inazima. Ilikuwa na kelele tu."

Nilitabasamu. Nakumbuka lile tabasamu na bado linaniudhi. Ni tabasamu la fundi anaposikia asiye fundi akimweleza kazi yake. Feni ilikuwa mpya, niliifunga mwenyewe, ilikuwa inazunguka mbele ya macho yangu. Na neno lake halikuwa na safu kwenye daftari. Nikaandika kwamba joto ni la kawaida, na kwamba mashine "hufunikwa kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, jambo linaloziba hewa". Sikuwa nimeiona imefunikwa ikiwa inafanya kazi. Nilikuwa nimeona kitambaa juu ya kiti. Nikatia sahihi.

Wiki ile ile Mama Wafula aliondolewa kwenye meza yake akapelekwa stoo kushona magunia yaliyotoboka. Kazi ile ilikuwa ya vibarua. Mahali pake aliletwa karani mwingine, Violet, mwenye cheti cha kompyuta. Meneja alinishukuru kwa simu. Mimi nilisikitika kidogo, jinsi tunavyosikitikia mvua inayowanyeshea wengine, nikaendelea na matawi yangu.

Miezi miwili ikapita, na simu iliyofuata ilitoka kwa Violet mwenyewe.

"Fundi, niaje. Hii kitu bado inajizima, na mimi sina kitambaa. Ule mama alienda na yake."

Asubuhi iliyofuata nilirudi Bungoma.

Safari hii sikusoma digrii asubuhi nikaondoka. Nilikuwa nimepata programu ndogo kwenye diski, iliyoonyesha joto pembeni mwa kioo huku mtu akiendelea kufanya kazi. Nilimwomba Violet apige orodha kama kawaida, nami nikaketi kando yake, nikaandika kila robo saa. Hamsini na nane. Sitini na sita. Jua la Bungoma likaingia dirishani. Sabini na tatu. Violet akaanza kupiga taarabu ya vidole, kwa maana alikuwa mwepesi kweli. Themanini na moja. Kabla ya saa sita kioo kikawa cheusi, na hakuna aliyekuwa amegusa wala kufunika chochote.

Basi nikaona kosa langu la kwanza. Miaka yote nilikuwa nikipima joto la mashine iliyotoka kulala. Ni kama kumpima homa mtu saa anayojisikia nafuu kisha ukamwita mwongo. Ukurasa wa buluu hukuambia joto kabla ya kazi, na Mama Wafula alikuwa akiniambia joto la kazini.

Kosa la pili lilikuwa chini ya feni. Violet alienda chakula cha mchana, nikabaki peke yangu, nikafungua kasha. Nikang'oa bamba. Hapo kati ya bamba na prosesa, mahali pa dawa ya kijivu, palikuwa na kipande cha nailoni, chembamba, kinachong'aa, kimekunjamana kwa joto.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Mabamba yale mapya yalikuja na dawa tayari imepakwa chini, na juu ya dawa kiwandani wanabandika nailoni ili isishike vumbi njiani. Inatakiwa kubanduliwa. Mimi niliiona siku ile ninafunga. Sikuisahau, niliiacha makusudi. Nani kwetu alikuwa akibandua nailoni ya kitu kipya? Makochi ya nyumbani kwangu yalikuwa na nailoni yake mwaka wa nne, mapaja ya wageni yakinata wakati wa jua. Rimoti ya televisheni, kiti cha baiskeli, kikokotoo cha meneja, vyote vilikuwa na nailoni. Kubandua kulikuwa kuharibu, kulikuwa dharau kwa kitu cha watu. Niliona dawa safi imefunikwa vizuri, nikasema moyoni, hii itadumu. Na joto la prosesa likawa linagonga mlango ambao mimi nilikuwa nimeufunga.

Nilikuwa nimemcheka mwanamke kwa kufunika kompyuta.

Hapa ningependa kuwaandikia kwamba niliinuka nikaenda stoo papo hapo. Sikwenda. Niliibandua nailoni, nikaitia mfukoni, nikapaka dawa mpya, nikafunga. Violet aliporudi tulipima hadi saa kumi na joto halikupita hamsini na tano. Meneja akanipigapiga begani. "Huyu ndiye fundi bana!" Nilipotoka nilipita mbele ya stoo. Mama Wafula alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia, sindano ya kushonea mkononi, vumbi nyweleni. Akaniamkia vizuri. "Fundi, salamu za Kitale?" Nikasema njema, nikatembea haraka.

Ijumaa ile nilipita kwa Mzee Swaleh alipotoka kuswali. Alikuwa anafungua cherehani. Nilimweleza yote, nikitarajia, kama ninavyojijua, aniambie kwamba hata fundi mkubwa hukosea. Hakuinua macho.

"Hiyo nailoni iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni.

"Unatembea nayo ya nini? Ni dawa? Ipeleke kwa wenyewe."

"Mzee, wakijua nitafukuzwa."

"Pengine. Na usipowaambia, yule mama atashona magunia mpaka lini?"

Akainamia cherehani yake. "Fungua tena," akasema, na sikujua kama ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi wafanyakazi wote wa tawi la Bungoma walikuwa na kikao kifupi uani kabla ya kufungua. Nilimwomba meneja nafasi ya dakika mbili. Nilisema kwamba ripoti yangu ya kwanza haikuwa kweli, kwamba sikuwahi kuiona mashine imefunikwa ikifanya kazi, kwamba Mama Wafula aliniambia shida imeanza na feni nami sikumsikiliza, na kwamba kilichozima kompyuta kilikuwa hiki hapa. Nikainua kile kinailoni. Kilikuwa kidogo hata waliokuwa nyuma waliuliza nimeshika nini. Nikampa meneja ripoti mpya yenye sahihi yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Meneja akacheka. "Ah, Fundi! Nailoni? Hata gari yangu bado iko nayo." Watu wakacheka naye. "Hiyo ni makosa ya kawaida. Mama Wafula, Jumatatu rudi kwa meza yako, Violet tutamtafutia ingine." Kikao kikaisha. Dakika mbili hazikuwa zimekwisha.

Mama Wafula hakuwa amecheka. Alinifuata hadi langoni.

"Fundi, asante umesema. Nimesamehe, mbele ya Mungu. Lakini umesema hapa, na nyumbani hawakuwa hapa."

Nikamwambia nitampa nakala ya ripoti.

"Karatasi sitaki. Mama mkwe wangu hajui kusoma." Akafuta macho kwa upande wa leso kana kwamba ni vumbi. "Huyo mama mguu wake ni mgonjwa. Kila Jumapili alikuwa ananipa mayai ya sadaka nimpelekee kanisani. Tangu niende stoo anapatia jirani. Hajaniuliza kitu. Anapatia tu jirani. Watu walimwambia nimetolewa ofisini kwa sababu ya kuharibu mali ya wakulima, na wengine wakaongeza. Sasa wewe twende ukamwambie na mdomo yako."

Tulienda mchana ule ule. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji, imefagiliwa, na ndani vitambaa vilikuwa kila mahali hata nikashindwa pa kuweka mkono. Mume wake alikuwa kazini mbali. Kukhu, kama wajukuu walivyomwita yule mama mkwe, alikuwa ameketi karibu na mlango, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mama Wafula alinitambulisha kwa Kibukusu, kisha akaenda jikoni. Nafikiri hakutaka kuwapo.

Nikaanza. Ningemwelezaje prosesa? Nikamwambia kuna mashine ofisini, ina moyo, moyo ukipata joto sana inazima. Mimi niliiwekea kifuniko kibaya ndani, ikawa inapata joto. Kisha nikaandika kwamba ni mkwewe aliyeiharibu. Hakuiharibu. Alikuwa ameniambia ukweli na nikaandika uongo. Leo nimesema mbele ya watu wote, na Jumatatu anarudi kwenye meza yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni wewe uliharibu."

"Ni mimi, Kukhu."

"Na ni wewe ulidanganya."

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, akiwaza. Kule jikoni vyombo vilikuwa vimenyamaza. Halafu akanitazama, bila hasira hata kidogo, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ya mtu anayempa mwenzake pole kwa yaliyompata.

"Na wewe, mwanangu, wamekupeleka stoo miezi mingapi?"

Nilitazama mguu wake juu ya kigoda, kisha nikatazama mlango. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi hawakunipeleka popote.